Mtani Wangu Aliyesoma Mawe ya Mirihi

Wanaosema kwamba jirani yangu alizeeka vibaya, kwamba alijifungia uani akaongea na mawe, mimi nawajua wote kwa majina. Ni Gervasi katekista, ni Mzee Rajabu fundi baiskeli, ni Mwajuma binti Saidi wa genge la nyanya. Nawajua na mama zao, wengine walizaliwa nikiwa tayari nimeolewa hapa mtaa wa Ng'ambo. Waendelee kusema. Mimi niliishi naye ukuta kwa ukuta, na ninachotaka kueleza ni jinsi wenzake wa kazi walivyotaka kumnyang'anya kiti chake, na jinsi alivyokataa kusimama.

Jina lake silitaji. Ninalijua, la ubatizo na la Kinyamwezi alilopewa na bibi yake, lakini kati yangu na yeye majina hayakuwa na kazi. Mtaa ulimwita Mpima Mawe. Mimi nilimwita Mpagazi, naye aliniita Mgogo. Mimi ni wa Bahi, nililetwa Tabora na mume wa reli. Babu zake walipita kwetu na pembe za ndovu kichwani wakielekea pwani, na babu zangu waliwatoza hongo kabla ya kuwaruhusu kuchota maji. Ndiyo maana Mgogo na Mnyamwezi ni watani mpaka leo: namwambia lolote, ananiambia lolote, na hakuna kununa. Kwa hiyo haya msidhani ni sifa. Mtani hasifu.

Kazi yake ilikuwa hii. Huko juu kuna ardhi nyingine inaitwa Mirihi. Sisi tunaiona kama nyota nyekundu, lakini yeye alikasirika ukiiita nyota. Kuna kigari kilichopelekwa huko, hakina dereva, kina magurudumu sita na shingo ndefu yenye macho. Kinaambiwa leo cha kufanya, kesho kinatuma majibu. Kikifika kwenye jiwe kinalipiga mwale mkali, jiwe linaungua padogo kama tundu la sindano, linatoa cheche, na kila madini cheche yake ina rangi zake. Rangi zile zinarudi duniani zikiwa mistari. Mistari hiyo ilifika mpaka Ng'ambo, chumba cha uani, kwa mama mstaafu wa ofisi ya madini aliyevaa sweta hata jua likiwa la kupasua vichwa. Yeye na wenzake wa nchi mbalimbali walikaa mbele ya kompyuta wakabishana: jiwe hili lina nini, na kigari kisimame wapi kesho. Alivyoingia katika kundi lile ni habari ya vyeti na miaka yake ya kusoma miamba nje ya nchi, wanaoijua waieleze. Mimi naeleza niliyoyaona.

Nilipomwambia sielewi rangi zinasemaje, aliingia jikoni kwangu bila hodi, akachota chumvi yangu, akairushia motoni. Ulimi wa moto ukawa manjano.

"Umeona? Chumvi imetaja jina lake," akasema.

Nikamwambia amemwaga chumvi ya watu na hajalipa. Akasema ameshalipa; babu yake alitoa hongo kwetu na chenji haijarudi.

Huyo alisoma vumbi la Mirihi kutwa, lakini hakuvumilia vumbi la Tabora. Alifagia asubuhi, alifagia jioni, na kandambili zako ulizivulia barazani hata kama umekuja kumwambia nyumba inaungua. Nikamuuliza mbona la huko analipenda. Akasema la huko haliingii kwenye kitanda. Na huyo aliyepeleka macho yake mbali kuliko mtu yeyote wa mkoa huu hakupanda ndege tena tangu aliporudi kutoka masomoni. Ile ya kurudi ilimtosha, alisema, ilitikisika juu ya mawingu akaahidi kwa Bikira Maria kwamba akifika chini habanduki. Kwenda Dar kwa binti yake Agripina alipanda treni, na chakula chake kwenye kapu: michembe ya viazi vitamu, karanga, na chupa ya asali ya Ipole. Kigari kile kilipokuwa kinatua, alisema, alishika rozari na hakupumua.

Alipima kila kitu isipokuwa ugali. Ugali wake ulikuwa mgumu siku moja, uji siku ya pili, na ukisema neno alikuambia kapike kwako. Alidai ushahidi kwa kila mtu. Ukimwambia mvua inakuja, aliuliza umeona nini. Neno lake lilikuwa moja: "Usinieleze unachodhani, nieleze ulichokiona." Gervasi alipomkumbusha kwamba na imani ni kudhani, alimjibu kwamba imani yake yeye amempa Mungu, na kudhani kwake Gervasi awape wanakwaya. Lakini Jumapili alikuwa benchi la mbele, na sauti yake ya pili ndiyo iliyowaongoza hao wanakwaya.

Kuhusu kigari alisema ni Mnyamwezi mwenzake. Kinabeba, kinatembea polepole, hakilalamiki, hakirudi nyuma. Nikamwambia kingekuwa Mnyamwezi kingeshaoa njiani na kuacha mzigo kwa shemeji. Alicheka mpaka akakaa chini. Siku nyingine alinionyesha picha ya bonde kavu, akasema hapa palipita maji, mto mkubwa, zamani hata dunia yetu ikiwa bado changa. Nikamuuliza yakaenda wapi. Akasema ndilo swali. Nikamwambia jibu ninalo: walikosa Mgogo wa kulinda kisima. Akasema nikiwepo kigari kingekuwa bado kimekaa kwenye mpaka, kinasubiri kulipa.

Watu walipomjia, kila mmoja aliuliza la dhahabu. Mzee Rajabu aliuliza kama huko Mirihi ipo. Akasema haijatafutwa. Mzee akaona hiyo safari haina akili. Alikuja pia kijana mmoja, Masanja wa machimbo ya Lusu, na mawe kwenye kiroba, yanang'aa kama meno ya bwana harusi. Alikuwa na mnunuzi anayemsubiri gesti, alitaka tu Mpima Mawe atamke mbele ya huyo mnunuzi neno moja, dhahabu. Mtani wangu aliligeuza jiwe, akalisugua kwenye kigae, likaacha mstari mweusi. Akamwambia ni chuma na salfa, akauzie wanaotaka kupendezesha dirisha. Masanja akamtukana, akasema bibi anayejua mawe ya mbinguni hawezi kujua ya Lusu. Mtani wangu hakupandisha sauti. Alimwambia jiwe halina haraka, halina mnunuzi gesti, na haliogopi kukaa njaa. Ndiyo maana linasema kweli, na yeye Masanja hawezi. Kisha akampa chai. Hilo nalo lilikuwa lake: akikuvunja moyo, alikupa chai.

Pale sokoni walisema anapima mawe ya mbinguni na mtaa wake hauna mtaro. Mwajuma ndiye aliyelisema mbele yake, genge zima likisikia. Alijibu kwamba mtaro ni kazi ya diwani. Asubuhi yake nikamkuta amejifunga khanga kiunoni, ana jembe, yumo kwenye matope mpaka magotini, anasema udongo huu ni mfinyanzi ndiyo maana maji hayashuki, uchimbwe kuelekea kule. Mwajuma alipita na beseni lake kichwani. "Njoo upime na huu," mtani wangu akamwambia, akamtupia jembe la pili. Walichimba wote wawili na hawakusalimiana. Mtaro ule upo mpaka leo.

Sasa niseme la chumvi, kwa sababu lililofuata lilitoka humo.

Kigari kilipita mahali penye mwamba wenye michirizi myeupe, myembamba, kama mtu amechora kwa unga. Wenzake walitaka kiendelee. Baridi ya huko ilikuwa inakuja, na baridi ikija kigari kinachoka, kinalala zaidi ya kutembea. Walitaka kifike kwenye mteremko wenye jua kabla yake. Yeye akasema kisimame. Akasema ile ni chumvi, chumvi ya ziwa lililokauka, na asiyeiona hajui kusoma. Nilikuwepo, nilisikia anavyogonga meza. Alipofunga kompyuta akaniambia kwa Kiswahili kwamba anaijua ile nyeupe, aliiona kwetu Bahi alipokuwa ofisa kijana wa kupima, inavyolala juu ya ardhi maji yakiondoka.

Nikamwambia, "Mpagazi, wewe ukiona cheupe unaona mzigo wa kubeba." Maana nyie mnajua, watu wa njia ya msafara walikwenda mpaka Uvinza kwa ajili ya chumvi, wakairudisha hapa mabegani, ikanunua jembe, ikaoa mke. Mtu wa hapa cheupe chochote kilicholala chini kinamwita. Mwenzake wa nchi ya barafu angeona barafu. Hakucheka. Siku hiyo utani haukumwingia.

Walimsikiliza. Kigari kikasimama, siku zikaenda, mwale ukapigwa, mistari ikaja. Manjano ya chumvi hayakuwemo. Ilikuwa jasi, ile ile inayotengenezewa chaki za shule.

Nilimkuta barazani, mara ya kwanza kumwona ameacha viatu vya wageni vimetawanyika. Akaniambia ni jasi. Akaniambia na jasi inaletwa na maji pia, ndani ya nyufa, kwa hiyo maji yalikuwepo. Lakini hakusema hivyo kwao. Kwao alisema, "Andikeni kwamba mimi nilisema chumvi, na nilikosea." Wengine walitaka waandike kwamba kundi lilidhani hivi na hivi. Akakataa. Kosa ni lake, lisigawanywe kama nyama ya msiba. Akaniambia mtu asiyekosea hajawahi kuinama kuokota jiwe.

Kigari kilifika kwenye mteremko baridi ikiwa imeshaanza, kikalala sana. Hawakumlaumu mbele yake. Ila tangu hapo akisema tusimame, walisema asante mama, wakapita. Kulikuwa na jiwe jeusi, limekaa peke yake mchangani, kando ya njia yao, halifanani na mawe mengine yote ya pale. Aliliomba wiki kwa wiki. Hakusema ni nini. Alisema tu jiwe hilo haliko kwao, nataka rangi zake. Asante mama, wakapita, kigari kikawa kinalizunguka kwa mbali kikipiga picha za mengine.

Kisha mkuu wao, Henriki, mpole, umri wa mjukuu wangu Daudi, akamwandikia kwamba amefanya kazi kubwa na sasa apumzike. Agripina akapiga simu kutoka Dar, akafurahi: mama aje kwake, kuna chumba, kuna feni. Agripina akanipigia na mimi nimshauri. Nilienda, nikamwambia binti yako anasema upumzike. Akaniuliza mimi nasemaje. Nikamwambia Mnyamwezi akitua mzigo anakufa, hilo Wagogo wote wanalijua. Akasema, "Haya. Basi njoo Alhamisi saa tisa. Wameandaa kuniaga."

Alhamisi nilioga, nikavaa khanga mpya. Aliniweka kiti pembeni ya chake, mbele ya kompyuta, akasema, "Leo wananizika, Mgogo. Mazishi hayafanywi bila mtani. Kazi yako unaijua."

Naijua. Kwetu huku mtani ndiye anayeruhusiwa kuharibu msiba. Anacheka wenzake wakilia, anamsema marehemu, analala mbele ya kaburi, na mwili haushuki mpaka wafiwa wamtulize kwa anachotaka. Nimelala mbele ya makaburi ya Wanyamwezi wengi. La kwenye kompyuta sikuwa nimeliona.

Zikatokea nyuso, kila moja kwenye kidirisha chake, nyingine nyuma yake usiku, nyingine asubuhi. Henriki akaanza kusema, taratibu, mkono kifuani. Mpima Mawe alinitafsiria kidogo kidogo: anasema nilikuwa nguzo, anasema hawatanisahau. Akasema mwingine, na mwingine. Mama mmoja kule alifuta machozi. Yote yalikuwa mazuri, na yote yalisemwa kwa wakati uliopita.

Nikaona inatosha. Nikakohoa, nikasogeza uso wangu kwenye kioo mpaka wakaniona hadi ndani ya pua.

"Mimi ni mtani wake," nikasema. "Huyu hashuki kaburini leo. Mnamsifu nini? Ugali hajui kupika. Aliona chumvi pasipo na chumvi, akawachelewesha wote, kwa sababu Wanyamwezi ni watu wa kubeba. Nyie mnamzika kwa kosa hilo na mnaita sherehe. Haya. Njia imefungwa, mimi nimelala hapa. Mpaka mlipe."

Henriki akamtazama yeye. Na yeye, mtani wangu, akawatafsiria. Hakupunguza kitu, niliona kwa nyuso zao, ilipofika kwenye ugali mmoja akaziba mdomo. Kisha akawaeleza utani ni nini. Alieleza kirefu, kama mwalimu. Henriki akauliza kitu kifupi.

"Anauliza unataka nini," akaniambia.

Sikuwa nimepanga. Nilimwangalia yeye, alikuwa ametazama mbele, mikono miwili mezani, hakuniomba kwa jicho wala kwa kope. Hakuwaomba na wao. Alikaa tu kwenye kile kiti kama mtu aliyekaa kwake.

"Jiwe lile jeusi," nikasema. "Alisome yeye. Mkimaliza hapo mzikeni mnavyotaka."

Akatafsiri. Mmoja akaanza kueleza kwa mikono, nadhani la baridi, la nguvu ya betri, la njia. Akajibiwa na yule mama aliyefuta machozi, kwa ukali. Wakabishana, sauti zikapandiana, na mimi nikaona damu inarudi usoni mwa mtani wangu, maana ule haukuwa tena ugomvi wa msiba. Ulikuwa ugomvi wa kazi. Naye akaingia humo, akagonga meza. Henriki aliwaacha, kisha akainua kidole, akasema sentensi moja.

"Kesho kinageuka," akaniambia.

Nilidhani ningerudi nyumbani na ushindi. Yeye alisema haijawa ushindi, kilichopatikana ni ruhusa. Akaniamuru nikapike, yeye ana kazi.

Mistari ya rangi ilikuja baada ya siku kadhaa, mchana, umeme ukiwa umekatika na yeye anatumia sola. Alinigongea ukutani. Nikaenda hata viatu sikuvua, naye hakuona. Mistari ilikuwa imesimama kwenye kompyuta, mirefu na mifupi. Wenzake wote walikuwepo kwenye vidirisha vyao. Nikavuta kigoda, nikangoja. Nilikuwa nimezoea: akiiona mistari husema hapo hapo, hiki chuma, hiki magnesi, kama mtu anayewataja watoto wa ndugu yake.

Alitazama. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, akavaa, akatazama tena. Henriki akauliza jambo, sauti ya chini. Halikuwa la kuaga. Lile la kuaga sikulisikia tena kwake mpaka mwisho, na kifo chake mtani wangu kilipokuja, miaka kadhaa baadaye, kilimkuta kwenye orodha yao ya kazi. Lakini hiyo siyo siku ninayoieleza.

Nikamuuliza, Mpagazi, ni nini.

"Sijui," akasema.

Miaka yote ile sikuwahi kulisikia neno hilo mdomoni mwake. Akalirudia kwa Kiingereza, kwa sauti, ili wasikie. Henriki akajibu, na hilo nililielewa bila kutafsiriwa, kwa jinsi alivyotikisa kichwa: na yeye hajui. Wakatikisa vichwa mmoja baada ya mwingine, kidirisha kwa kidirisha, wasomi wa dunia nzima.

Mtani wangu akavuta kiti mbele mpaka tumbo likagusa meza.

"Vizuri," akasema. "Tuanze."